Fomu Iliyoharibika

Siku Joris alipoingia kwenye kibanda cha Divina akiwa amejifunga taulo kiunoni, mtaa wetu mzima hapa Guimbal, Ufilipino, ulisimama kutazama. Alikuwa Mbelgiji, dereva wa tramu kwao Ghent, mrefu kama nguzo ya umeme. Kainama tu kufunga kamba za viatu, suruali ikapasuka nyuma kuanzia mshipi mpaka pasipotajika. Divina hakucheka. Aliipokea ile suruali, akaipitisha kwenye cherehani, akamrudishia ikiwa imara kuliko siku aliyoinunua. Ludi jirani, ambaye mdomo wake haujapumzika tangu abatizwe, akasema kwa sauti ya kutosha watu wote, "Haya, huyo kaja kushonwa suruali, ataondoka kaacha roho!" Na kweli, kesho yake Joris akarudi na shati lisilo na tatizo lolote, akaomba liangaliwe.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Joris alikuja mara nne, akala wali na samaki mkavu bila kukunja uso, akajifunza kumsalimia mama yake Divina kwa kuushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso, kama mtoto mwenye adabu. Ya tano akasema basi, nimechoka kupunga mkono uwanja wa ndege, njoo tukaishi. Ndoa hakutaka kuisikia. Alishaoa, akaachwa, akaapa hatasimama tena madhabahuni. Lakini kwao kuna njia nyingine: mwanamume na mwanamke wanakwenda ofisi ya mji, wanatia saini wote wawili, serikali inaandika kwamba hawa wanaishi pamoja kisheria. Basi, mambo yamekwisha.

"Kutia saini tu?" aliuliza Mama Pacing, mama yake Divina. "Kama watu wanaokodi pikipiki?"

"Ndiyo sheria yao, Mama."

"Wee nenda. Mungu atakusamehe ukishafika."

Ila kabla ya saini hiyo ya Ghent, huku nyumbani kulikuwa na mlima wa karatasi. Cheti cha kuzaliwa. Hati ya kwamba mwombaji hajaolewa. Picha, tiketi, ujumbe wa simu uliochapwa, ushahidi wa miaka miwili na zaidi kwamba penzi ni penzi, si biashara ya viza. Divina aliacha shule mapema na karatasi zilimtisha. Kwa hiyo kazi yote ya faili ilikuwa ya Isay. Alinunua faili la plastiki la kijani, akazipanga karatasi kwa namba, akabandika vikaratasi vya rangi. Joris alimwita katibu mkuu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Isay, jina lake la ubatizo Klarisa, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza na kwa mwandiko. Kila mtu alimjua kama mdogo wake Divina, kitindamimba wa Mama Pacing. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema hivyo, na muhuri juu yake. Na cheti kinasema uongo. Divina ndiye aliyemzaa, akiwa na miaka kumi na minane, na kijana mmoja baharia aliyepanda meli wiki ile ile alipoambiwa, hajashuka mpaka leo.

Msifikiri ni jambo la ajabu. Kwetu huku, binti akiharibikiwa kabla ya kuolewa, mara nyingi bibi ndiye huandikwa mama, na mama huwa dada. Wanafanya hivyo kwa aibu, na kwa mapenzi pia, ili binti abaki na nafasi ya kuanza upya. Divina alifichwa kwa shangazi yake, mjini Bacolod. Na huku nyumbani Mama Pacing, mjane mwenye miaka arobaini na mmoja, alitembea na tumbo la pamba kanisani kila Jumapili. Baba wa mtoto huyo wa tumbo la pamba alikuwa nani, watu hawakuuliza mbele yake, maana Mama Pacing anapiga. Tumbo lenyewe Divina ndiye aliyelishona kabla hajaondoka. Matumbo matatu, dogo, la kati na kubwa. Ndiyo kazi yake ya kwanza kwenye cherehani, na mishono yake ilinyooka.

Mtoto alipozaliwa, mkunga Osang, rafiki wa familia, alimwandika Pacita, yaani Mama Pacing, kuwa mama. Divina alirudi nyumbani amejifunga kitambaa kifuani mpaka maziwa yakakauka, na Mama Pacing akampa mtoto chupa. Tangu siku hiyo Divina ni Dada. Dada ndiye aliyemshonea gauni la ubatizo, sare ya shule kila Juni, na mabawa ya malaika ya sherehe za mtakatifu wetu. Hakuwahi kumpima kwa utepe. Alikuwa akimtazama tu mgongo anapokula, kisha anakata kitambaa.

Joris hakuambiwa. Mwaka wa kwanza Divina aliona ni mapema. Mwaka wa pili akaona amechelewa.

Mwezi wa Februari fomu za maombi zikaletwa kutoka mjini, nakala mbili, moja ya kujaza na moja ya akiba. Jumamosi asubuhi Isay aliketi kwenye meza ya kukatia nguo, akafukuza vipande vya uzi, akafungua kalamu. Divina alikuwa amempa mgongo, anashona suruali kumi na mbili za kikosi cha ngoma, na sindano inakimbia.

"Jina najua, tarehe najua, anuani najua," Isay alisema. "Wewe shona, Dada. Nikikwama nitakuuliza."

"Herufi kubwa."

"Najua!"

Cherehani ikaendelea. Kalamu nayo ikaendelea, muda mrefu kidogo. Kisha kalamu ikanyamaza, na Divina alipogeuka alimkuta mtoto kaifunika fomu kwa mikono yote miwili.

"Nini?"

"Nimekosea. Nimeiharibu."

"Ala! Fomu zenyewe mbili tu, Isay! Unadhani zinaota shambani? Hebu nione."

"Hapana." Mtoto alishaikunja mara nne na kuisukuma ndani ya daftari lake la hesabu. "Nitaanza nyingine. Safari hii nitakusomea kila swali ili nisikosee."

"Ungesoma tangu mwanzo, bingwa wa darasa!"

Isay akafungua fomu ya pili. Alianza upya, na kweli, alisoma kila swali kwa sauti, kama karani wa mahakamani. Jina la mama. Pacita. Jina la baba. Marehemu Teofilo. Ndugu wangapi. Divina alisema, "Mmoja. Klarisa," na kalamu ikaandika Klarisa.

Kisha mtoto akasoma, "Mwombaji ana watoto?"

Divina alikuwa na mkono kwenye gurudumu la cherehani. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Mama Pacing alikuwa amesimama pale na mwiko, mchuzi unamdondokea miguuni na wala haoni. Walishalisema jambo hili wiki nzima, wawili tu, nyuma ya nyumba. "Cheti kinasema mimi," Mama Pacing alikuwa amesema. "Wewe ukiandika yako, watatufunga mimi na wewe, na marehemu Osang watamfukua wamfunge na yeye. Fuata karatasi. Ukishafika kwa mwenzio, ukishapata kibali, utamwambia taratibu, atamwita mtoto akasome huko. Kwani ana ubaya, Joris?" Na Divina alikubali, kwa sababu hiyo ilikuwa njia pekee ambayo hakuna mtu aliyelazimika kulia siku hiyo.

"Dada? Ana watoto?"

"Andika hapana."

"Niandike hapana kwa maneno, au niweke sifuri?"

"Hapana, Isay. Andika hapana, tuendelee."

Mtoto akaandika. Alichukua muda mrefu zaidi kwenye neno lile moja kuliko anuani nzima. Kisha akasema ana kiu, akaenda mtungini, akanywa vikombe viwili, akarudi akamalizia ukurasa wa mwisho bila kuinua macho. Divina aliweka saini mahali alipoonyeshwa. Mwandiko ulikuwa mzuri, mstari haukupinda hata mmoja.

Mahojiano ya viza kule Manila yalikwenda vizuri, vizuri mno. Yule bwana wa mahojiano aliuliza Joris anapenda kula nini, anaendesha tramu namba ngapi, mama yake anaitwa nani. Divina alijibu yote. Kisha yule bwana akasambaza picha mezani: Joris na Divina ufukweni, Joris na Divina kwenye sherehe, Joris na Divina wanakula wali wa nazi. Katika kila picha, kati yao, kulikuwa na msichana mwenye meno makubwa ya mbele.

"Na huyu?"

"Mdogo wangu."

Neno hilo halikumkwama hata kidogo. Miaka kumi na mmoja alikuwa akilisema, sokoni, kanisani, kwa walimu. Alishangaa mwenyewe lilivyoteleza. Mwezi wa sita viza ikatoka.

Siku ya kuondoka watu walijaa kibandani. Ludi alilia kuliko wenye nyumba, kisha akapangusa pua na kumtazama Isay aliyekuwa analeta begi. "Yesu na Maria, wewe mtoto! Kila siku unazidi kutoka kopi ya dada yako. Hata kile kidevu! Sijui Pacing alikuwa anamwaza nani siku hizo."

"Ludi, nenda kaangalie wali wako, unaungua," alisema Mama Pacing.

"Sijaweka wali."

"Basi nenda kaweke!"

Watu wakacheka. Isay hakucheka. Alimkabidhi Divina faili la kijani kwa mikono miwili. "Zote zimo kwa namba. Cheti chako cha kuzaliwa ni cha mwisho kabisa. Ukifika huko kwenye ofisi ya saini, angalia vizuri mpaka mwisho."

"Nitakuita, Isay. Nikishatulia tu. Utakuja kusoma, utaona theluji."

"Sawa, Dada."

"Utanimisi?"

"Utachelewa gari," Isay alisema.

Ghent ilimpokea kwa baridi, ingawa walimwambia ni kiangazi. Joris alikuwa amepaka rangi nyumba nzima, akamnunulia cherehani ya umeme, akaiweka dirishani penye mwanga. Ghorofani palikuwa na chumba kidogo kitupu. Joris alisema ni cha masanduku, au cha wageni. "Au cha katibu mkuu akija likizo," akaongeza, akacheka. Divina alifungua mdomo. Kisha birika likaanza kuchemka, na yeye akaenda kulizima, akashukuru kupata cha kufanya. Mara ngapi alifungua mdomo hivyo katika wiki zile tatu? Hata yeye aliacha kuhesabu. Alijiambia saini kwanza. Saini ikipita, nitasema jioni ile ile, mezani, nitasema yote.

Miadi ya ofisi ya mji ilikuwa Alhamisi saa tano. Asubuhi Joris alikuwa anatafuta tai. Divina aliketi jikoni na faili la kijani, akakagua karatasi moja moja kama alivyoagizwa, mpaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa. Nyuma ya cheti kulikuwa na karatasi nyingine, imekunjwa mara nne. Aliikunjua.

Ilikuwa fomu iliyoharibika.

Aliitafuta ile dosari. Jina sahihi, tarehe sahihi, anuani sahihi. Hakukuwa na doa wala mkato. Alifika kwenye swali la watoto, na hapo, kwa herufi kubwa, nzuri, zilizonyooka, palikuwa pameandikwa: MMOJA. Jina: KLARISA. Tarehe ya kuzaliwa, ile yenyewe. Anaishi na nani? NAMI. Na chini yake, penye swali kama mtoto atasafiri na mwombaji, kisanduku cha ndiyo kilikuwa na alama iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Divina alihisi kama mtu aliyevutiwa kiti akiwa anakaa. Alipiga simu nyumbani. Huko ilikuwa alasiri. Mama Pacing alipokea, na nyuma yake redio inaimba.

"Anajua," Divina alisema. "Mama, Isay anajua."

Redio ikazimwa. "Umeipata ile karatasi."

"Wewe ulijua?"

"Aliniuliza akiwa na miaka minane. Watoto wa Ludi walimtania shuleni. Nikasema uongo, akanitazama tu, unamjua anavyotazama. Nikachoka. Nikamwambia kweli, nikamwambia kama unataka, kamuulize mwenyewe. Akasema hapana, atangoja umwambie wewe."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu, mwanangu. Kila birthday yake alikuwa anadhani ni leo. Siku ya fomu alikuja kuniambia asubuhi: leo lazima Dada aseme, kwa sababu fomu itamuuliza. Kafurahi! Kaoga bila kuambiwa. Nami nikasimama pale mlangoni..."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Kwa sababu ningebaki na nani?" Mama Pacing alikuwa analia sasa, kilio kikavu cha mtu asiyezoea. "Wewe ulimzaa. Mimi ndiye niliyeamka naye usiku. Kwenye karatasi ni wangu. Nilitaka uandike hapana, Divina. Mungu anisamehe, nilitaka."

Joris akaingia na tai mbili mkononi, ya bluu na ya kijivu, akauliza ipi. Divina akaonyesha tu moja, hakujua ipi. Akaikunja fomu mara nne na kuirudisha mahali pake.

Karani wa ofisi ya mji alikuwa mama mchangamfu mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alipitia faili, akalisifu. Alisema hajawahi kuona karatasi zilizopangwa vizuri namna hii, na Joris akamweleza habari za katibu mkuu, huku akijivuna. Wakacheka wote wawili. Kisha yule mama akavaa miwani ili kuhakikisha majibu kabla ya saini. Alisoma, Joris anatafsiri. Anuani. Ndiyo. Hajaolewa. Ndiyo.

"Watoto?" aliuliza karani. Joris alitabasamu na kujibu mwenyewe, "Hakuna."

"Ninaye mmoja," Divina alisema.

Alisema kwa Kiingereza chake kidogo, na polepole, ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia. Karani akavua miwani. Joris aligeuka akiwa bado na lile tabasamu, halijapata habari.

"Isay," alisema Divina. "Isay si mdogo wangu. Nilimzaa mimi."

Karani hakuwa mtu mbaya. Alisema jambo hili haliwezi kurekebishwa kwa kalamu pale mezani, maelezo yamegongana, lazima waandike upya na kueleza. Alisema pia kwamba saini yoyote inataka watu wawili wenye hiari, na labda wangependa kuzungumza kwanza nje. Aliwaachia kalamu mbili mezani. Hakuna aliyezigusa.

Kwenye korido kulikuwa na benchi. Joris alikaa mwisho mmoja. Divina alikaa katikati, akidhani mwenzake atasogea.

"Nimempakata yule mtoto," Joris alisema. "Nimemfundisha baiskeli. Mwaka juzi alipougua tumbo nilikaa naye hospitali, mimi na wewe, na wewe ukaniambia pole kwa kunisumbua na mdogo wako."

"Niliogopa."

"Nini? Mimi?" Alimtazama. "Divina, nilikuomba nini mimi? Ungeniambia siku ya kwanza ningekuja na viatu vyake. Ningengoja mwaka mahakamani cheti chake kirekebishwe, ningengoja miwili. Chumba kipo! Nimekipaka rangi!"

"Najua."

"Kwenye fomu ulisema hapana. Mbele yangu, miaka mitatu, hapana. Kwa mtoto mwenyewe..." Aliivua tai, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. "Sijui tena kuna kingine gani umeandika hapana."

"Hakuna kingine."

"Ndiyo, lakini hata hilo ungelisema hivyo hivyo."

Divina alikuwa na maneno mengi kwa Kihiligaynon, lugha yetu, na machache kwa Kiingereza, na yale machache aliyasema yote. Samahani. Nakupenda. Samahani. Joris alimshika mkono, akaushikilia muda mrefu, na machozi yalimtoka mtu mzima yule bila kujificha. Lakini hakurudi ndani kutia saini. Hakurudi siku ile, wala wiki iliyofuata, na viza ya Divina ilikuwa ya miezi mitatu tu. Hakumfukuza. Alimpikia, alimfunika blanketi, alimwuliza kama anasikia baridi. Alikuwa na adabu kama mtu anayemhudumia mgeni, na hilo lilimwumiza kuliko matusi. Mwisho Divina mwenyewe akasema arudi. Joris akasema, "Labda ndiyo," na akaenda kumkatia tiketi.

Alirudi Septemba, mchana wa jua kali, kwa teksi ya pikipiki kutoka kituoni, begi mapajani. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya maneno. Alikuwa amepoteza nyumba yenye cherehani dirishani, na mwanamume mwema ambaye hatapata mwingine kama yeye. Lakini alijiambia kwamba angalau sasa hakuna tena cha kuficha, na kwamba kuna mtu mmoja anayemdai neno moja, na hilo neno analileta. Alijishikilia hapo.

Ludi alimwona wa kwanza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema kitu.

Kibandani cherehani ilikuwa inalia. Isay alikuwa ameketi kwenye kiti cha Divina, ameongeza mto chini ili afikie, anapiga pindo la sare. Alikuwa amerefuka. Sare aliyovaa mwenyewe ilikuwa ya kununua, ya dukani, imempwaya mabegani. Alipomwona Divina mlangoni alisimamisha gurudumu kwa kiganja, kama Divina anavyofanya.

"Dada. Umerudi."

Akainuka, akaja, akauchukua mkono wa Divina na kuugusisha kwenye paji la uso wake, jambo ambalo mdogo hamfanyii dada. Tunawafanyia wazee, na wageni wa heshima. Kisha akapokea begi.

"Niliiona," Divina alisema. Alilitoa faili la kijani, na ile karatasi, akaikunjua. "Niliangalia mpaka mwisho kama ulivyoniambia. Isay, nisikilize. Niliwaambia kule. Niliwaambia wote, nikamwambia Joris. Nilisema ninaye mmoja."

Mtoto aliitazama karatasi bila kuishika. Aliutazama mwandiko wake mwenyewe kama wa mtu aliyesoma naye zamani.

"Hiyo ilishaharibika," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea. Nilijaza kabla ya kuuliza."

"Hukukosea."

"Kisha nikauliza."

Divina akapiga magoti pale pale, kwenye vipande vya uzi, ili nyuso zao zilingane. Yale maneno ya njiani yalikuwa yamekimbia yote. Lilibaki lile moja.

"Mimi ndiye mama yako, Isay. Mimi. Niite mama."

Isay alimtazama kwa yale macho yasiyodanganyika. Hakuwa na hasira. Alimwinamia, akamtoa uzi mwekundu uliomnasa kwenye nywele, akauzungusha kidoleni kama washonaji wanavyofanya, akautia kwenye kopo lake. Kisha akaliinua begi zito kwa mikono miwili kulipeleka ndani.

"Mama yuko jikoni," alisema. "Nimwite?"